Mgeni Amekuja Nungwi: Je, Mwenyeji Amepona?

MVUA ya Rungwe haimngoji msafiri. Alfajiri tuliyoondoka Mpuguso ilikuwa ikiwanyeshea migomba na majani ya chai kama ilivyonyesha jana yake na juzi yake, na kijana wetu alikuwa amekwisha kusimama barazani, begi kubwa mgongoni, akitazama njia. Mama yake, ambaye ni dada yetu, hakumpa mkono hadi alipomaliza kusema na sisi.

"Kaka," alisema, "mimi Nungwi siijui. Ninachokijua ni kile ninachokiona kwenye simu za watoto, nacho hakinipi usingizi. Nenda naye, ukae, uone kwa macho yako. Ukirudi utaniambia kama pale ni mahali pa kumwacha mtoto wa Kiislamu."

Kisa chenyewe kilikuwa hiki. Kijana alikwisha kuhitimu masomo, akakaa nyumbani miaka miwili bila ajira. Rafiki yake aliyetangulia Unguja akamwandikia kwamba hoteli moja ya ufukweni inatafuta vijana wanaojua Kiingereza. Baba yake alikwisha kutangulia mbele ya haki, nasi wajomba ndio tulioachiwa neno. Tukaona kuwa si uadilifu kukataza jambo tusilolijua, wala kuliruhusu. Tukakubaliana kwenda kama waendavyo vijana wa Kizungu tunaowaona wakipita Tukuyu kuelekea Ziwa Ngozi: begi moja kila mtu, chumba cha bei ya chini, na siku nane za kutazama.

Ikumbukwe kwamba Rungwe sisi Waislamu ni wachache. Wamoravian walifungua misheni yao huku mwaka 1891, na kengele ya kanisa ndiyo sauti iliyozoeleka katika vilima vyetu. Mtoto wa Kiislamu hukua akijua mapema kwamba desturi ya nyumba yake si desturi ya kila nyumba. Ilitushangaza, basi, kwamba dada yetu, ambaye hakuwahi kuogopa kumlea mwanawe katikati ya wasio wa dini yake, sasa alikuwa akiogopa kumpeleka mahali ambapo karibu kila mwenyeji ni Mwislamu. Swali hilo tulisafiri nalo.

Njiani

Basi litokalo Kyela lilituchukua Tukuyu, likapanda hadi Mbeya, likateremka Makambako, Iringa na Mikumi, na usiku likatufikisha Kituo cha Magufuli, Mbezi. Njiani tulijumuisha na kufupisha swala zetu kama sharia ilivyomrahisishia msafiri. Kijana aliuliza kama tutaendelea kufupisha tukiwa Nungwi. Tulimweleza kwamba kwa madhehebu ya Imamu Shafi, yanayofuatwa na wengi wa pwani yetu, anayenuia kukaa mahali siku nne kamili au zaidi, mbali na siku ya kuingia na ya kutoka, huhesabiwa mkaazi tangu anapofika, naye huswali kamili. "Kwa hiyo," akasema, "kule hatutakuwa wasafiri." Hakukusudia kusema jambo kubwa, lakini maneno hayo yalitukaa moyoni: mtu akifika mahali na kutua begi lake, baada ya siku chache zile ruhusa za ugeni humwondokea, zikabaki wajibu za mkaazi.

Asubuhi tulivuka bahari kwa boti ya mwendo wa saa mbili hivi, na baada ya adhuhuri tukapanda daladala namba 116 iendayo kaskazini. Tulipita Mahonda na Kivunge, kati ya minazi na mashamba ya muhogo, na baada ya yapata kilomita 60 barabara ikaishia kwenye ncha ya kisiwa. Hapo ndipo Nungwi.

Miji miwili katika mmoja

Mtu akiambiwa Nungwi ni kijiji cha wavuvi ataamini, na akiambiwa ni mji wa starehe ataamini pia, kwa kutegemea amesimama upande gani wa ukuta. Upande wa bahari ya magharibi hoteli zimepangana bega kwa bega. Mchanga ni mweupe, maji ni ya buluu iliyokolea, na kwa kuwa hapa bahari haipwi ikaenda mbali kama inavyofanya Paje na Jambiani, mtu huogelea karibu wakati wowote wa siku. Neema hiyo ya Mwenyezi Mungu ndiyo iliyoleta umati. Papasi hawampi mgeni nafasi ya kuvuta pumzi: mmoja ana mashua ya kwenda Mnemba, mwingine ana viungo, wa tatu ana shanga, na wote wanajua salamu kwa Kitaliano. Jua likitua, muziki huanza, na huendelea hadi usiku wa manane.

Nyuma ya hoteli hizo, hatua mia mbili tu, pana vichochoro vya mawe ya matumbawe, visima, kuku, vibarazani ambako wanawake husukana nywele, na watoto waliokumbatia misahafu wakienda chuoni. Adhana ya alfajiri huko ina nguvu kuliko muziki. Tulipoingia msikitini siku ya kwanza tulikuta safu tatu zimejaa, wengi wakiwa wavuvi ambao mikono yao bado ilinuka chumvi.

Upande wa mashariki, karibu na mnara, ndiko wanakojenga vyombo. Tulikaa pale asubuhi nzima. Fundi hana mchoro wa karatasi: jicho lake ndilo kipimo. Mkuku hulazwa kwanza, kisha mbao, taruma zikafuata, na mti huchongwa kwa tezo na kutobolewa kwa keekee kama walivyofanya mababu. Pamba iliyotiwa mafuta hukalafatiwa kwenye nyufa ili maji yasipite. Chombo kikikamilika, kijiji kizima hualikwa kukishua: watu huvuta kamba kwa pamoja, dua husomwa, na chakula huliwa. Karibu na hapo wenyeji hutunza kasa katika bwawa linalojazwa na maji ya bahari, kazi waliyoianza miaka ya 1990, na kiingilio cha wageni husaidia kuiendesha.

Wageni wa mabegi walifikaje hapa? Zanzibar ilianza kuufungulia utalii milango katikati ya miaka ya 1980, baada ya soko la karafuu kuanguka. Miaka ya 1990 waliofika Nungwi walikuwa hasa vijana wa mabegi ya mgongoni, waliolala katika vyumba vya kawaida na kula samaki walichokula wenyeji. Hoteli kubwa zilifuata nyayo zao. Mwaka 2023 visiwa vya Zanzibar vilipokea watalii zaidi ya 600,000, na sehemu kubwa ya fedha za kigeni za Zanzibar sasa hutoka kwao. Anayesema utalii haujaleta kitu hajapita shule na zahanati za kaskazini. Anayesema haujachukua kitu naye hajakaa barazani na wazee.

Kizingiti cha bibi

Sisi tulipanga katika nyumba ya bibi mmoja mjane, ndani ya kijiji, mbali kidogo na ufuko. Vyumba vinne, ua wenye mlimau, na choo safi. Siku tuliyofika alikuwa na wageni wengine watatu: wasichana wawili wa Ulaya na kijana wa Kihindi kutoka Kerala.

Kabla hatujavuka mlango, bibi alitusimamisha wote kwa tabasamu. Aliweka kapu la kanga juu ya kiti. Akasema kwa Kiswahili, na mjukuu wake akatafsiri, kwamba katika nyumba yake viatu hubaki nje, pombe haiingii, na atokaye kupita kijijini hufunika mabega na magoti. Kanga ni ya kuazima, bure. Baada ya hapo akatukaribisha chai ya tangawizi.

Jioni ya pili tulishuhudia matunda yake. Msichana mmoja wa nyumba nyingine alikuwa akipita kichochoroni kwa vazi la kuogea, na watoto wa madrasa wakawa wamesimama ukutani hawajui waangalie wapi. Wanaume wawili barazani walinung'unika, lakini hakuna aliyesema neno. Wageni wetu wawili ndio waliomwendea, mmoja akavua kanga yake ya juu akampa, akamweleza. Yule msichana aliona haya hadi machozi yakamlenga. Alisema yuko kisiwani wiki mbili na hakuna aliyemwambia.

Tulimuuliza bibi kama sharti zake hazimpotezei wateja. "Wapo wanaoondoka," alijibu. "Riziki ya anayeondoka si yangu. Lakini mwanangu, mgeni ni kama mtoto mchanga katika nyumba ya mtu. Usipomwambia jiko li moto, akiungua nani wa kulaumiwa?"

Neno hilo lilitukumbusha mafundisho tunayoyasikia tangu utotoni. Mtume (s.a.w.) ameifungamanisha heshima ya mgeni na imani ya Mwenyezi Mungu na Siku ya Mwisho, na akaiwekea muda: haki ya mgeni ni siku tatu, na yanayozidi ni sadaka. Wahenga wetu nao wakasema, mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Kumbe ukarimu katika dini na katika mila zetu una mwanzo, una mwisho na una adabu, na wa kuieleza adabu hiyo ni mwenye nyumba.

Yule kijana wa Kerala aliswali nasi safu moja, maana Waislamu wa kwao ni Mashafi kama wa pwani hii, na msaji wa Malabar ndio uliojenga majahazi mengi yaliyokuja Zanzibar kwa upepo wa kaskazi. Alikuwa na begi dogo kuliko letu. Alitueleza juu ya Kovalam, mji wa ufuko ulio karibu na kwao: jinsi vijana wa Ulaya walivyoanza kufika miaka ya 1970 na kulala katika vyumba vya wavuvi, na jinsi ghuba ile ilivyozungukwa na hoteli na migahawa. Goa, alisema, ilitangulia. Calangute na Anjuna zilikuwa na wageni wa namna hiyo tangu miaka ya 1960, na katika miaka ya 1980 zikaja ndege za kukodi zilizojaa watalii. Tulimuuliza ameona tofauti gani Nungwi. Alifikiri kidogo, akasema kwamba hapa bado anasikia nyundo za mafundi wa vyombo.

Mzee aliyeuza njia

Siku ya tano tulitembea na mzee mmoja mvuvi kutoka msikitini. Tulitarajia ashuke moja kwa moja baharini, kwa kuwa maji yalikuwa yakionekana mbele yetu kati ya minazi. Lakini alikata kushoto, akafuata ukuta mrefu, akazunguka, na baada ya dakika kumi na tano ndipo tukatokea ilipo ngalawa yake.

Ukuta ule ulizunguka shamba lake la zamani. Zanzibar, baada ya Mapinduzi ya 1964, ardhi ilitangazwa kuwa mali ya Serikali, na mwananchi hubaki na haki ya kuitumia pamoja na miti aliyoipanda. Mwekezaji alipokuja, mzee alihesabiwa minazi yake, akalipwa, akapeana mkono na watu.

"Fedha zilikuwa halali na zilikuwa nyingi," alituambia huku akikunja mshipi wake. "Nimejenga nyumba. Nimekwenda Hija, alhamdulillah. Simlaumu mtu. Lakini mimi nilidhani nauza minazi, kumbe nauza njia. Laiti ningesema siku ile, niachieni upana wa mtu mmoja na makasia yake, wangeniachia. Sikusema, kwa sababu niliona haya kumwekea mgeni masharti."

Hatukuwa na la kumjibu. Tulisaidia kusukuma ngalawa, naye akatweka tanga.

Jibu la kijana

Usiku wa siku hiyo kijana wetu alirudi kutoka kwenye usaili wake akiwa kimya. Alikula kidogo. Hatimaye akasema.

"Mjomba, kazi ipo. Ni ya mapokezi. Mshahara ni mzuri kuliko nilivyotazamia. Lakini kila mpya huzungushwa idara zote kwa miezi mitatu, na baa ni mojawapo."

"Ukawajibu nini?"

"Nimesema nitajibu kesho."

Hatukumwamulia. Alikuwa akijua kama tunavyojua sisi kwamba katika pombe Mtume (s.a.w.) hakumtaja mnywaji peke yake, bali na anayeibeba na anayeimimina kwa ajili ya mwingine. Alikuwa akijua pia kwamba mama yake anauza ndizi ili wadogo zake wasome. Kijana aliyesimama kati ya mambo hayo mawili hahitaji hotuba. Usiku ule tulimsikia akiamka mara mbili kuswali.

Asubuhi alikwenda akaomba jambo moja: azungushwe idara zote isipokuwa hiyo. Msimamizi, ambaye naye ni Mwislamu, hakukasirika. Alisema wengi huwa na ombi hilo moyoni, ila wachache hulitamka siku ya kwanza. Wengi hunyamaza, kisha huacha kazi kwa ugomvi au huzoea. Akaahidi kuwauliza wakubwa wake na kumpigia simu.

Tulipomsimulia yule mzee, alicheka. "Mtoto akienda kuvua humwambii asilowe," alisema. "Unahakikisha anajua kuogelea."

Tulichomwambia dada

Tulirudi Mpuguso begi zikiwa na mchanga, viungo na kanga moja tuliyopewa na bibi ampelekee mama wa kijana. Dada yetu aliuliza swali lake lile lile kabla hatujakaa: je, pale ni mahali pa kumwacha mtoto wa Kiislamu?

Tulimjibu kwamba mahali peke yake hapamlindi mtu wala hapampotezi. Tuliona Waislamu walioshindwa kumwambia mgeni neno moja la upole, wakabaki kunung'unika barazani. Tukaona na bibi mjane asiyejua Kiingereza ambaye nyumba yake imebaki yake. Wahenga walisema, mgeni njoo, mwenyeji apone. Nasi tulichokiona ni kwamba mwenyeji hupona akisema mapema yapi yanawezekana na yapi hayawezekani, na akinyamaza huugua polepole.

Kwa wazazi wengine walio na mtoto anayetaka kwenda kutafuta riziki katika miji ya utalii, iwe Unguja, Arusha au Malindi, tunashauri haya machache. Mmoja wa wazee aende naye akaone, akae siku kadhaa, asiishie kwenye picha za simu. Mtoto alale kijijini penye msikiti na majirani, si katika mabweni ya ufukweni pekee. Ajue mipaka yake kabla ya siku ya usaili, na aitamke siku hiyo hiyo kwa adabu. Na nyumbani kusiwe na dhiki inayomfanya aone haya kurudi mikono mitupu. Kijana anayejua mlango wa kwao uko wazi huwa na nguvu ya kukataa haramu.

Simu kutoka Nungwi haijapigwa hadi tunapoandika. Kijana anafundisha masomo ya jioni kwa watoto wa mtaa na anamsaidia mama yake shambani. Amesema wakikubali atakwenda, na wakikataa atatafuta kwingine. Mama yake amekubali yote mawili.

Ijumaa iliyopita vijana wawili wa Kizungu wenye mabegi mgongoni walipita Mpuguso wakiulizia njia ya Ziwa Masoko. Mvua ilikuwa imewashika. Dada yetu aliwaita, akatoa viti na kuweka chai na ndizi za kuchemsha. Walipoinua mguu kuingia, aliinua mkono, akawaonyesha pa kuacha viatu, na yule msichana akapewa kanga ya Nungwi ya kujifuta mvua. Walikaa hadi mvua ilipopungua, wakashukuru kwa neno la Kinyakyusa walilofundishwa na kijana wetu, ndaga, wakaendelea na safari.